Mlango wa Nyuma Usio na Komeo

Jumanne nilikuwa kwa seremala karibu na daraja, nikisubiri kabati langu, alipoingia bibi mmoja wa Kiluguru na kamba yake ya kupimia. Tukamwamkia. Alitaka mlango wa nyuma, uelekeane sawasawa na wa mbele, na usiwe na komeo.

“Bibi, mwizi si atapita?” seremala akauliza.

“Mwizi atachukua redio tu, mwanangu.”

Akatuonyesha kiwingu kimoja juu ya mlima. Siku ile ya mafuriko, alisema, hapa mjini halikudondoka hata tone. Watu walikuwa wameanika nguo. Maji yakashuka kutoka mlimani, yakaingia nyumbani kwake kwa mlango wa mbele. Wa nyuma ulikuwa na kufuli.

“Yakakosa pa kutokea, yakapanda. Wajukuu zangu walikuwa ndani, wamelala usingizi wa mchana.” Akainua kiganja juu ya kichwa chake. “Hadi hapa.”

Komeo alilokuwa ameshika, seremala akalirudisha kwenye kopo, taratibu. Nje, nguo za jirani zilikuwa kambani.

Nyumba niliyopanga ina milango miwili inayotazamana. Miaka saba nimemcheka mwenye nyumba kwamba hajui ramani. Na lile kabati nililokuwa nikilisubiri, nilishalipimia nafasi yake: kwenye mlango wa nyuma.