Nilimwambia Shangazi Ni Mvua

Admin, nifichie jina, ingawa wa Tukuyu wakisoma hadi mwisho wanaweza kunijua tu. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja, na nina kibanda Ibighi cha kuwawekea watu muvi na tamthilia kwenye flashi. Nimeshindwa kusema kwa ndugu zangu, kwa hiyo nasema kwenu.

Kazi yangu ni kasi. Tamthilia ikitoka, anayeiwahi ndiye mwenye wateja. Nilipovutiwa intaneti ya faiba nilitamba mtaa mzima. Napakua kwa torenti, yaani faili linakuja vipande vipande kutoka kompyuta za watu duniani, na wewe unawagawia wengine vipande ulivyokwisha kupata. Kuchukua kazi za watu bila ruhusa si jambo la kujisifia, najua, ndiyo maana nilikuwa najificha kwa programu ya VPN. Lakini VPN ilimeza kasi yangu karibu yote. Faiba yote ile, halafu faili linajikokota! Nikahangaika wiki nzima. Nikahama seva za mbali nikaenda za karibu, nikajaribu njia zote za kuunganisha zilizomo kwenye hiyo VPN, nikaachana na wayafai nikachomeka waya. Mwisho nikaingia kwenye ruta, nikaiamuru kompyuta yangu ihudumiwe kwanza, na nikaondoa kikomo cha kutuma, kwa sababu kwenye torenti anayegawa sana ndiye anayepewa haraka. Hapo kasi ikaja. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa bibi yangu, mama yake baba, alikuwa Lufingo anaumwa. Binti yake, shangazi yangu, yuko nje ya nchi miaka mingi, na hiyo kompyuta ni yeye aliyenitumia. Walikuwa hawasemezani tangu babu afariki, kwa sababu shangazi hakuja kuzika. Kwa wazee wetu, kinyongo cha mzazi hakiishi kwa kunyamaziwa. Anakisema kwanza chote kwa kinywa chake, kama kilivyo, bila kupunguza, ndipo anatamka kwamba amekitoa moyoni. Na kikishasemwa hakirudiwi, maana kurudia ni kukiita tena. Bibi akasema anataka kumalizana na binti yake. Kule kwake mtandao unasuasua, kwa hiyo tukamleta kwa bajaji hadi kibandani kwangu, mchana, mvua inanyesha kama kawaida yetu. Akataka nibaki mimi tu wa kumshikia simu. Baba akasubiri nje barazani.

Kwenye kompyuta kulikuwa na tamthilia iliyofika asilimia 97. Duniani kote aliyekuwa nayo kamili alikuwa mtu mmoja, na angeweza kuzima mashine yake muda wowote. Nikajisemea, hawa wanaongea tu, mtandao utatosha.

Nikapiga simu ya video, shangazi akapokea. Bibi akafumba macho, akaanza: "Mwanangu, nina neno na wewe. Ulimwacha baba yako akaingia ardhini bila mkono wako. Nilikulaani. Kila nikipita kaburini nilikuwa nakulaani."

Hapo shangazi akaanza kupunga mkono kwenye kioo. "Haloo? Mmeganda! Haloo!" Kwetu picha yake ilikuwa safi kabisa. Yeye ndiye hakutuona wala kutusikia tena, kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa imejaza njia yote ya kutuma, inawagawia watu. Nilijua papo hapo. Ilikuwa ni kubofya mara moja tu niisimamishe. Nikaangalia namba: 98. Sikubofya.

Bibi masikio yake yalikuwa yamechoka, hakumsikia, akaendelea: "Sasa nimekitoa. Kimeisha. Rudi nyumbani ujengee kaburi la baba yako, na mimi ukinikuta nimelala, usiogope. Ndaga, mwanangu, asante." Akachukua maji kikombeni, akayapuliza chini kama wanavyofanya wazee. Alikuwa anatabasamu.

Shangazi akapiga simu ya kawaida. "Mama amemalizia kusema nini? Picha iliganda." Nikamjibu, "Shangazi, ni mvua. Si unajua kwetu." Nani atabishia mvua ya Tukuyu? Nilipomwomba bibi arudie, alikasirika. "Nimeshamaliza. Unataka nikiite tena?" Siku ya nne akafariki.

Shangazi hakuja. Nimemwambia mara ngapi kwamba bibi alimsamehe, anasema, "Unanifariji tu, mwanangu. Mbona ikate palepale? Mungu hakutaka nisikie. Hata mvua ya kwetu ilikuwa upande wa mama." Kumbe wakati ule alipiga picha kioo cha simu yake. Amenitumia: bibi ameganda, amefumba macho, mdomo wazi, kwenye lile neno la laana. Ameniandikia, "Hii ndiyo sura ya mama niliyobaki nayo." Mumewe ananiambia kuna siku anamkuta anaiomba radhi hiyo picha.

Jamani, nateseka. Ile tamthilia ilimalizika siku ileile na hadi leo sijamwekea mteja hata mmoja. Faili lolote likifika 97 naona ule mdomo. Na nikiwasha mashine bado inagawa. Watu wa nchi nisizozijua wanapata vipande vyote, na shangazi yangu hana alichopata.

Mwezi ujao baba anajengea makaburi yote mawili. Shangazi amejibu kwamba yeye hana mama wa kumjengea. Mke wangu, ambaye ndiye pekee anayejua, amenifokea: "Unamwacha mtu abebe laana isiyokuwepo, kisa aibu yako!" Ni kweli. Nikinyamaza, atazeeka akiamini hivyo. Nikisema, baba na ukoo mzima watajua nilikaa pale na bibi naangalia namba. Nimemwandikia shangazi ujumbe nikafuta, nikaandika tena nikafuta.

Nyinyi wenye busara zenu, nitukaneni kama mnataka, lakini mniambie. Mtu anayeamini Mungu ndiye aliyemnyima maneno ya mwisho ya mama yake, unamwambiaje kwamba haikuwa Mungu wala mvua, nilikuwa mimi?