Mvukuto wa Dominika

Mwaka nchi ilipopata uhuru, Dominika alipata Felician. Jirani yake Bi Stamili alipenda kulisema hilo kila walipoteremka bondeni kuchota maji, na kila mara Dominika alicheka, mpaka ukafika mwaka ambao hakucheka tena.

Felician alitoka kwa watu wa chini, upande wa Masasi. Alikuja kuoa Chilangala na begi moja la turubai, akakaribishwa kwenye kiwanja cha mama mkwe wake kama ilivyo desturi ya huku juu kwenye uwanda wa Newala, akaoneshwa mikorosho ya kupalilia. Mikorosho haikuwa yake. Ilikuwa ya ukoo wa mkewe, imetoka kwa mama na kwa mjomba. Na ndiyo iliyonunua pikapu, gari kuukuu lililokuwa likitumika misheni ya Lulindi. Misimu mitatu Dominika aliokota korosho, akazianika, nyingine akazibangua kwa mkono hadi ngozi ya vidole ikachunika kwa mafuta ya maganda. Gari lilipofika likaitwa gari la Felician. Huenda hakuna aliyekusudia ubaya. Anayeshika usukani ndiye anayeonekana.

Kazi ya pikapu ilikuwa kushusha korosho Masasi na kupandisha chumvi, sabuni, mafuta ya taa na vitambaa Newala. Kushuka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi. Ukitoka Chiungutwa unafika chini ya mlima, na hapo gari lenye mzigo lilianza kukohoa, maji yakachemka, likasimama. Felician alishusha nusu ya mzigo, akapandisha nusu, akarudi kufuata nusu nyingine. Akaanza kulala Chiungutwa usiku mmoja, halafu miwili, halafu wiki ikawa inapita.

"Si mimi, Mama Justa," alikuwa akisema. "Ni mlima."

Dominika aliamini. Mtu akikuambia ni mlima, na mlima upo, unauona kwa macho, utabisha nini? Justa, mtoto wao wa pekee, alikuwa akisoma Tunduru. Mama yake Dominika alikuwa amekufa. Halafu ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, watu wakatoka kwenye viwanja vyao katikati ya mikorosho, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Dominika alijengewa na wapwa zake nyumba ya udongo, akaiezeka nyasi kwa muda tu, maana mabati alikuwa nayo, yalibaki machache tu kutimia. Aliyanunua kidogo kidogo, akayafunga kwa kamba ya katani na kuyaegemeza ukutani ndani. Watu wa mabonde hawawezi kujua maana ya bati kwetu huku. Uwanda huu hauna mto wala kisima, mchanga mwekundu unakunywa mvua yote, na maji unayafuata chini kabisa ya ukingo na kuyapandisha kichwani. Mwenye bati anakinga mvua kwenye pipa, anakaa nyumbani kwake kama mtu.

Ndipo siku moja alipoteremka Masasi pamoja na Felician, gari lilipopelekwa kwa fundi Nurdini. Nurdini alikuwa na gereji chini ya kibanda cha nyasi, na uani kwake kulijaa vyuma alivyokuwa akivikusanya kutoka Nachingwea, mabaki ya mashine za ule mradi wa karanga wa Waingereza. Alisikiliza injini, akaizima, akasema petroli inatosha ila pumzi haitoshi. Iko pampu, alisema, inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Ikifungwa, gari litapanda na mzigo wake wote.

"Kama mivukuto ya mhunzi," alisema Dominika.

"Hasa, mama. Tofauti ni kwamba huu haupigwi kwa mikono. Unazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe."

Tangu hapo wote watatu wakauita mvukuto.

Nurdini alikuwa nao miwili. Mmoja ulikuwa mkubwa kama mbuzi aliyelala, umetoka kwenye tingatinga. Wa pili ulikuwa mdogo, umetoka kwenye injini ya kuzalishia umeme. Felician aliupapasa ule mkubwa kama mtu anayenunua ng'ombe. Nurdini alimwonya kwamba injini ndogo kama ile haitaumudu, gasketi itapasuka, pengine na pistoni zitatoboka. Felician alisema afunge tu, anataka akipita watu wajue amepita.

Dominika alikuwa akimkumbuka mjomba wake. Mjomba alikuwa mhunzi, na yeye utotoni ndiye aliyekuwa akimpigia mivukuto. Alipopiga kwa pupa mjomba alimkwapua mkono, kwa sababu moto ukizidi upepo chuma kinaanza kurusha cheche na kuungua, na jembe lililoungua hata kulima mchicha halifai. Moto ulitaka upepo wa kadiri, usiokatika.

"Ule mdogo," alisema.

"Mama Justa, hapa hatuchagui khanga."

"Khanga ningekuachia uchague wewe. Mabati ni yangu."

Maana Nurdini hakutaka fedha, ambayo madukani haikuwa na cha kununua. Alitaka bati za kuezekea gereji. Aliinama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake, ili Felician asimwone anacheka.

Ilichukua siku mbili. Nurdini alichonga kitako cha chuma ubavuni mwa injini, akaufunga mvukuto hapo, akaunganisha mabomba, akakata tundu kwenye boneti kwa sababu boneti halikufungika tena. Mkanda aliukata kutoka kwenye mkanda mpana wa mashine ya kusagia unga iliyokufa. Ilitoka mikanda miwili. Mmoja akaufunga, wa pili akampa Dominika, aliyekuwa akiwapikia pale uani. Alimwambia autunze yeye, madereva hawatunzi. Na alimweleza Felician mara mbili kwamba mvukuto usipozunguka hewa haipiti, gari halitakwenda hata kwenye tambarare.

Wakapanda mlima na mzigo wote mara moja. Injini haikukohoa. Ilitoa mluzi mwembamba, mrefu, uliozidi kadiri mlima ulivyozidi, na Dominika, aliyekaa mbele na mkanda wa akiba mapajani, alijiona ameuondoa mlima ule kwa mikono yake. Walipofika Chilangala hawakukuta mtu. Kijiji kizima kilikuwa kimekimbilia chini ya mikorosho na ndani ya mashimo, kwa kuwa siku zile ndege za Wareno wa Msumbiji zilikuwa zikivuka Ruvuma, na mluzi ule ulifanana na zao. Bi Stamili alitoka shimoni na mchanga nywelini.

"Mwambie mumeo," alisema, "akitaka kutuua asiwasingizie Wareno."

Felician alilala nyumbani usiku ule, na wiki iliyofuata pia. Dominika alikwenda na ndoo bondeni akiimba.

Jambo ambalo hakulifikiria, na ambalo baadaye alikaa nalo peke yake barazani siku nyingi akilitazama kila upande, ni hili. Zamani gari likichoka lilifika Newala jua linazama, na Felician, apende asipende, alilala kwa mkewe. Sasa lilifika asubuhi. Alishusha mzigo, akageuza, na jua lilikuwa bado juu alipokuwa tena Chiungutwa. Na Chiungutwa, Bi Stamili alikuja kumwambia kwa maneno machache, palikuwa na mwanamke aitwaye Ethel aliyeuza chai na maandazi karibu na mnada, na kijiji kizima cha kule kilimwita mke wa dereva tangu kabla ya mvukuto.

Kwa hiyo haukuwa mlima.

Kijiji kilikuwa kando ya barabara, na uwanda ule ni kimya, sauti inakwenda mbali. Mluzi aliusikia gari likiwa bado chini ya ukingo. Aliusikia ukipanda, ukikaza, ukifika juu na kulegea. Kushuka gari halikupiga mluzi. Basi ikawa anamsikia mumewe akija tu, akiondoka hamsikii. Mwanzoni alikuwa akiteleka chungu. Baadaye aliacha kuteleka. Felician alipita. Siku nyingine alipiga honi mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyokusudia kuingia.

Wanawake walimhurumia, naye huruma yao ilimchosha kuliko ndoo. Alianza kwenda bondeni peke yake, wakati wenzake wamesharudi. Mvua za masika zikaja, zikapiga nyasi zake zikazama mchangani, na jirani mwenye bati mbili tu juu ya banda la kuku alijaza pipa. Dominika alisimama mlangoni akiyatazama maji yakienda. Hakulia. Alikuwa akifikiria bati zake ziko juu ya gereji ya Nurdini, zinawakinga wanaume mvua.

Felician hakuridhika na mluzi ule. Alitaka upande zaidi, akamshurutisha Nurdini abadilishe puli, lile gurudumu la mkanda kwenye mvukuto, aweke dogo, ili mvukuto uzunguke kwa kasi. Ukazunguka. Mkanda ukapata moto, ukachanika nyuzi, na asubuhi moja katikati ya mlima ukakatika. Gari lilirudi kinyumenyume hadi chini na mzigo wake. Nurdini alitafuta mkanda mwingine Masasi, akaagizia Nachingwea na Lindi. Haukupatikana. Mikanda ya mashine za unga ilikuwa adimu kuliko sukari. Mwishowe alimkumbusha Felician kwamba upo mmoja, na yeye anajua uko kwa nani.

Dominika alimwona kwa mbali, anakuja kwa miguu, vumbi jekundu hadi magotini, bila kofia. Hakukuwa na mluzi wala honi, na pengine hiyo ndiyo iliyomponza. Kabla hajafikiri alikuwa ameshaingia ndani, amekunjua mkeka mpya na kuutandika barazani. Akamchotea maji. Felician alikunywa, akarudisha kata, akatazama mtungi, wala hakuomba ya pili. Alijua maji ya huku yanavyopatikana.

"Mlima ni mrefu kwa miguu," alisema.

"Mimi huupanda na ndoo."

Kisha akauliza kama ule mkanda bado upo.

Dominika aliutazama mkeka wake mpya. Tangu Justa azaliwe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake.

"Felician," alisema, "mabati yangu yako wapi?"

"Si ulimpa Nurdini?"

"Nilimpa ili mume wangu alale nyumbani. Mume hakulala. Sasa nataka bati."

Alijaribu kucheka. Akamweleza kwamba gari likilala chini, watu wa juu watakosa chumvi.

"Tutakula bila chumvi. Tumeshakula hivyo."

Alishuka kama alivyopanda, kwa miguu. Siku kadhaa zikapita, Dominika akiamini kwamba hatamwona tena. Halafu lori la ushirika likasimama kwake, Felician akashuka na bati. Zilikuwa pungufu, zina masizi ya gereji na matundu ya misumari. Alichompa Nurdini ili azing'oe, Dominika hakuuliza. Alishika ngazi. Felician alipanda, akaondoa nyasi za upande mmoja, akapigilia bati, na Dominika alimpelekea misumari na vipande vya mpira wa tairi vya kuzibia matundu. Waliopita barabarani walisalimia kwa furaha, wakasema Baba Justa amerudi nyumbani. Yeye juu alijibu salamu. Yeye chini alijibu salamu. Hakuna aliyesahihisha.

Mchana walikula ugali na kisamvu. Jioni bati zilikuwa zimeenea nusu ya nyumba, mfereji umening'inizwa, pipa limewekwa chini yake. Felician alinawa mikono, akaitazama kazi yake, akasema si mbaya. Kisha akaketi pale alipokuwa akiketi zamani, mgongo kwenye nguzo, miguu akainyoosha kama mtu asiye na safari.

Dominika alikwenda ndani akautoa mkanda kwenye sanduku, akamwekea mapajani. Jua lilikuwa bado lipo. Alijua akichelewa kidogo tu atamwomba alale, na Felician angelala, na kesho asubuhi angeuomba mkanda.

"Lori linarudi Masasi," alimwambia. "Usilikose."

Alisimama. Alikwenda na mkanda ameuvaa begani.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana wiki ile. Dominika hakuwahi kukaa chini ya bati lake mwenyewe. Alishangaa kelele zake. Zilijaza nyumba, zikafuta barabara, kijiji, na kila kitu kilichokuwa nje, na kwa mara ya kwanza tangu mvukuto ufungwe masikio yake yalipumzika. Maji yalimwagika pipani kwa kishindo, halafu kwa sauti nene, halafu yakafurika. Alichota kikombe akanywa akiwa amesimama. Yalikuwa na ladha ya masizi.

Mvua ikapungua. Yakabaki matone, moja moja, na katikati ya tone na tone akausikia mluzi chini ya ukingo, mwembamba, unapanda. Mzigo ulikuwa mzito. Aliujua kwa sauti. Alitafuta ungo mkubwa wa kufunikia pipa, matope ya barabarani yasirukie maji, akalifunika, akaweka na jiwe juu yake. Gari lilipofika juu mluzi ulilegea. Yeye alikuwa amesimama na kikombe kitupu, anangoja lipite.