Ushindi Wangu wa Lumbesa

Mkasa huu ulinigharimu nauli ya Mbeya hadi Iringa, kwenda na kurudi, fulana moja mpya ambayo siivai tena mbele za watu, na jina zuri nililolijenga kwa miaka kumi na moja kwenye biashara ya viazi. Nauli nimeshaisamehe. Fulana naivaa ninapofyeka majani nyuma ya nyumba, na hata hapo nahakikisha kwanza kwamba jirani hayupo. Jina ndilo linaloniuma, na ndiyo maana nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa Osia, maana Osia ana lori, na habari ikishapanda lori lake inafika Tunduma kabla ya mzigo.

Mimi ni mtu wa kuhesabu. Nanunua viazi mashambani, nauza sokoni Mwanjelwa, na kwenye kazi hii usipohesabu mara mbili utalia mara tatu. Gunia la lumbesa (lile linalojazwa hadi pomoni, kisha likashonewa kilemba juu kwa kamba) naliona nikiwa ng'ambo ya barabara, na nakwambia limezidi madebe mangapi kabla sijaligusa. Nisiwadanganye, mara nyingi limezidi kwa faida yangu. Ila kuhesabu najua.

Sasa mwaka huu sisi wacheza chesi wa Mbeya tulikubaliana na wenzetu wa Iringa kupeleka timu moja ya watu wanne kwenye mashindano Dodoma. Viti vitatu vilipata wenyewe bila maneno. Cha nne kikabaki kati yangu na Mwalimu Nyenza, mwalimu wa jiografia wa Iringa, mtu mpole anayesafisha miwani yake kabla ya kila hatua, ambaye alishakikosa kiti kama hicho mara mbili na hajawahi kucheza nje ya nyanda zetu hizi. Ikaamuliwa tucheze mchezo mmoja tu, Mbeya, chumba cha nyuma cha mgahawa fulani, na mshindi ndiye msafiri.

Tulicheza vizuri, nasema ukweli. Nilikuwa na kete nyeupe, nikamshambulia mfalme wake toka mapema, nikatoa ngome bure ili kubomoa ukuta wake, yeye akawa anajitetea kwa subira ya mtu anayesahihisha mitihani. Tulipofika kama hatua ya ishirini na sita, mhudumu akapita na sinia la supu, akajikwaa kwenye mguu wa kiti changu (mguu wa kiti, si wangu, hilo nimeshalieleza sana), sinia likatua katikati ya vita. Kete zikatapakaa mezani, nyingine zikaingia chini ya kabati.

Uamuzi mdogo ulioniponza ni huu. Mwalimu alisema tuchukue karatasi tulizoandikia hatua, turudie mchezo kutoka mwanzo ili tupange kete kwa uhakika. Ingechukua dakika kumi. Mimi nikiwa na moto wa ushindi kichwani, nikamwambia hakuna haja, picha yote ninayo, mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Akanitazama, akafuta miwani iliyoloa supu, akasema basi kama ni wewe mtu wa hesabu, panga. Nikapanga. Nikahesabu mara mbili. Mara zote mbili nilipata jibu moja, na mara zote mbili lilikuwa la uongo, lakini hilo sikulijua.

Hatua tano baadaye askari wangu wa pembeni kabisa, kulia, moja ya zile kete ndogo ambazo watu hawazitazami mara mbili, akala askari mwenzake na kusimama pua kwa pua na mfalme. Malkia wangu akaingia mbele ya mfalme yule, mfalme hawezi kumla kwa sababu askari anamlinda, hana pa kukimbilia, mchezo umeisha. Mwalimu akanipa mkono, akasaini, akapanda basi la kurudi kwao.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilichapisha fulana. Mgongoni niliweka picha ya ubao mzima jinsi ulivyokuwa mwishoni, na yule askari nikamzungushia duara jekundu. Kila aliyenipa nafasi nilimsimulia juu ya askari mdogo aliyemwangusha mfalme, hata wakulima waliokuwa wanasubiri tu niwalipe.

Mwezi haujaisha, Mama Upendo akanipigia simu. Mama Upendo ni fundi cherehani wa Iringa, ndiye nahodha wa timu yetu, na amri yake haipandi wala haishuki bei. Akasema wenzake wanataka nije Jumamosi tuuchambue mchezo ule pamoja. Ningeweza kuwatumia hatua kwa simu, bure. Nikapanda basi, nimevaa fulana.

Nilikuta watu kama ishirini kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, makoti yamefungwa hadi shingoni kwa baridi, chai ya tangawizi inazunguka. Ukutani Mama Upendo alikuwa ametundika ubao wa kitambaa alioushona mwenyewe, kila mraba una kifuko, na kete ni za kadibodi zinazochomekwa. Mwalimu Nyenza alikuwepo. Tukaamkiana, "Kamwene," "Kamwene," akaniuliza habari za Mbeya, hana kinyongo kabisa, na hilo lilinikera kidogo.

Kumbe wale wa Iringa wana desturi yao. Wakati wa kuchambua, aliyeshinda anakaa upande wa aliyeshindwa, na aliyeshindwa anachukua kete za mshindi, ili kila mmoja auone mchezo kwa macho ya mwenzake. Kwa hiyo Mwalimu akashika kete zangu na karatasi yangu, mimi nikapewa mfalme wake niwe namtetea. Nikaona ni upuuzi, lakini mgeni hajadiliani na wenyeji (nilijaribu, sikupewa hata punguzo).

Tukaenda vizuri. Nilipotoa ngome ukumbi ulinong'ona, na mzee mmoja nyuma akasema huyu kijana ana roho mbaya, kwa namna ya kusifia. Nilitaka dakika ile idumu. Ndipo Mwalimu akafika kwenye hatua ya askari, akanyoosha mkono kwenye ubao, mkono ukabaki hewani. Akasoma karatasi tena. Akafuta miwani.

"Kaka Ambakisye," akasema polepole, "hapa umeandika askari wa pembeni anakula. Mimi hapa simwoni."

Nikacheka. Nikawaambia watakuwa wamekosea kuchomeka, turudie. Tukarudia kutoka hatua ya kwanza, mimi nikisimamia kila kadibodi kama napakia lori. Mraba ukawa mtupu. Nikasema basi ni ubao una kasoro. Mama Upendo, ambaye aliushona ule ubao kwa wiki mbili, akanyanyuka bila haraka.

"Geuka, mwanangu."

Nikageuka. Jamani, kuna aibu ya kusemwa na kuna aibu ya kuhesabiwa mgongoni. Akawa anaweka kidole kwenye fulana, askari mmoja mmoja, anabonyeza, anahesabu kwa sauti, ukumbi mzima unamfuata kama darasa la kwanza, kisha anaenda ukutani na kuhesabu wa kule. Mgongoni askari weupe walikuwa watano. Ukutani wanne. Akarudia, kwa sababu mimi mwenyewe niliomba arudie.

Mwalimu ndiye aliyempata yule wa tano. Alishusha kidole kwenye karatasi hadi hatua ya kumi na nne, akanionyesha, mwandiko wangu mwenyewe, wino wangu: farasi wake alimla askari yule wa pembeni. Alikufa mapema, akalazwa pembeni ya ubao, sinia likaanguka, na mimi mtu wa hesabu nikamwokota pamoja na walio hai nikamrudisha kazini.

Osia, yule mwenye lori, alikuwa amekaa mlangoni. Akashusha kikombe chake.

"Kumbe ushindi wenyewe ni wa lumbesa," akasema. "Umejaza, ukashonea na kilemba."

Walicheka hadi mzee wa nyuma akapaliwa. Kungekuwa na ulanzi, pombe yetu ile ya mianzi, ningeusingizia ulanzi. Palikuwa na tangawizi tu. Nilitafuta koti langu nifunike mgongo, nikakumbuka nimeliacha kwenye basi.

Nilidhani watatawanyika. Hawakutawanyika. Mama Upendo akaacha ubao vilevile, bila marehemu, akauliza kama kuna aliyeona weupe wanashindaje kutoka hapo. Watu wakasogeza viti. Kila mtu alikuwa na wazo, mimi nikayapangua moja baada ya jingine, maana nilikuwa upande wa mfalme mweusi na hasira ilinisaidia kuona. Ikapita kama nusu saa. Halafu Mwalimu akamchukua malkia mweupe, yule aliyekuwa wangu, akamweka mbele ya mfalme, mraba uleule wa ushindi wangu, safari hii bila mlinzi yeyote.

Nikamla, ningefanyaje. Akateremsha ngome kwenye safu ya pembeni kabisa, cheki. Mfalme wangu akarudi nyuma. Ngome ikashuka hadi mwisho wa ubao, askofu anailinda kutoka kona ya mbali, na mfalme hana pa kwenda. Nikatazama mara mbili. Askari yule angekuwa hai, angekuwa amesimama katikati ya safu hiyo na ngome isingepita. Kifo chake ndicho kilichofungua njia.

Ukumbi ulipiga makofi, na mimi nilipiga pia, kwa sababu ushindi ule ulikuwa mzuri kuliko wangu, na kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimeshindwa mchezo nilioushinda.

Mama Upendo akasema karatasi zilishasainiwa, kwa kanuni kiti ni changu, kilichobaki ni mimi na nafsi yangu. Nafsi yangu ni mteja mgumu, lakini siku ile haikuwa na bei. Nikamwambia Mwalimu achukue kiti. Akatikisa kichwa.

"Kiti cha kuhurumiwa siendi nacho Dodoma," akasema. "Wewe hukuiba, ulikosea, na mimi nilikuachia upange. Tucheze tena."

Basi tunacheza Jumamosi ijayo, Makambako, katikati, asije mtu akalalamika nauli. Nimeshaapa kwamba kete zikimwagika tena, hata kwa upepo, narudia kutoka hatua ya kwanza na mtu mwingine ndiye anayehesabu. Na niwaambie kitu cha ajabu, naingoja siku ile kwa hamu kuliko nilivyowahi kuingoja bei ya viazi kupanda. Ila nina shida moja, na ninyi mnaoujua mchezo huu naomba mnishauri kabla ya Ijumaa: mtu aliyekaa upande wangu, akashika kete zangu, akaumalizia ushambuliaji wangu vizuri kuliko mimi mwenyewe, nimwanzie vipi?