Karavani Langoni kwa Bukwe

Nilikuwa dereva. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana ukifika katikati utaanza kuwa na shaka. Nilikuwa na permi ya udereva, niliendesha pikapu ya kazi kila siku kutoka kiwandani Shituru hadi gare ya treni na kurudi, na kofia niliivaa upande. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama najua kurudi nyuma nikiwa na remorki, yaani tela. Na mimi ningejitangaza ya nini?

Miaka ile Wazungu wengi walikuwa wanarudi kwao. Injinia mmoja niliyekuwa nikimwendesha aliniachia karavani yake, nyumba ndogo ya bati jeupe juu ya magurudumu mawili, ambayo kila likizo aliivuta nyuma ya gari kwenda kulala porini kwa kupenda kwake mwenyewe. Mtu ana nyumba ya kampuni yenye bustani, halafu anakwenda kulala porini ndani ya sanduku! Haya. Kabla ya kuondoka alinieleza namna ya kuirudisha nyuma. Shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kulia, mkia wa karavani nao unakwenda kulia. Nenda polepole. Ukiona inaanza kujikunja, simama, songa mbele, inyooshe, anza upya. Na vioo, tazama vioo! Nilimjibu "wi, wi, wi", ndiyo ya Kifaransa, kwa haraka, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwa mke wangu.

Mke wangu alikuwa mtaa wa Kikula, kwa mama yake. Alikwenda huko kumzaa mtoto wetu wa kwanza, jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba mtoto alianza kuota meno na mama yake hajarudi. Tulikuwa tunakaa Shituru kwa kaka yangu mkubwa, katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi, na chumba chetu mchana kiligeuka kuwa sebule ya watu wote. "Mu nyumba ya yaya yako siwezi kurudia," aliniambia, yaya ndiye huyo kaka. "Tafuta fasi yetu, hata kadogo." Alikuwa na haki. Kila Jumapili nilikwenda kumsalimia na kila Jumapili nilirudi peke yangu, na niliogopa, niliogopa kweli, kwamba nitarudi peke yangu mpaka nife.

Basi fasi yetu hiyo hapo, ina magurudumu. Mtu mwenye akili angeipeleka kwanza mahali pake, kwenye kiwanja nilichopewa mwisho wa kambi, ndipo aende kumchukua mke kwa taxi-bus. Mimi nilitaka mke wangu aione ikija. Tuseme ukweli, nilitaka Kikula nzima iione. Nikaomba ruhusa ya pikapu kwa mkubwa wangu wa kazi, na Jumapili baada ya misa nikaingia Kikula na nyumba yangu mkiani, nikipiga honi hata pasipo na mtu.

Sasa nikwambie habari ya bukwe, ndiye mama mkwe. Kwetu bukwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini, na akiwa na neno kwako anampa mtu mwingine akuletee. Hivyo hivyo mpaka siku atakapokupikia kuku, ndipo unakuwa umefunguliwa kumtazama na kusema naye. Wangu alikuwa bado hajanipikia. Kuku walikuwepo, niliwaona.

Nikaingia kwenye lupango lake, ua wake wenye ukuta, kichwa mbele. Vigelegele! Mke wangu akatoka na mtoto mgongoni, akaizunguka karavani, akapanda, akafungua kabati dogo, akalifunga, akalifungua tena. "Iko na dirisha!" alisema, akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Palepale beseni, sufuria na blanketi zikapakiwa. Bukwe, uso ameugeuzia pembeni, akamwambia binti yake, "Mwambie bwana yako aende polepole." Mke wangu akaketi ndani kwenye kitanda amnyonyeshe mtoto, nami nikapanda pikapu kama mshindi.

Mbele yangu kulikuwa na ukuta. Nyuma kulikuwa na lango. Lupango lenyewe liliweza kumeza pikapu na karavani, basi, hakuna pa kugeuzia hata baiskeli. Nilikuwa nimefikiria kuingia tu. Kutoka sikukufikiria hata kidogo.

Nikatia gia ya nyuma. Nikapeleka usukani kulia, nimeushika kwa juu kama kila siku, karavani ikaenda kushoto. Nikapeleka kushoto, ikaenda kulia kwa hasira. Majirani wakajaa, na kila mmoja ghafla akawa shofa. "Kata! Kata!" "Apana, leta kwa huku!" "Weye, unajifunza leo?" Mzee mmoja ambaye maisha yake yote alitembea kwa miguu alinionyesha kwa fimbo namna ya kushika usukani. Kofia ikaanguka, jasho likaniingia machoni.

Bukwe akachoka. "Bote mutoke mu njia!" Akawafukuza, akaenda mwenyewe kusimama langoni, kando ya jiko lake la matofali ya udongo, akainua mikono yote miwili aniongoze. Akajaa kwenye kioo changu, uso mzima, kutoka kilemba hadi kidevu.

Sasa ungefanya nini? Injinia alisema tazama vioo. Baba yangu, na baba yake, walisema bukwe usimtazame. Mimi mtoto mwenye adabu, nikainamisha macho, nikarudi nyuma huku nikitazama magoti yangu.

Nilisikia kitu kinalia, nikadhani ni springi. Kisha kitu kikavunjika krak, kisha matofali yakaporomoka, kisha vumbi likafunika kioo. Bukwe hayumo tena. Mama yangu eh! Nilijua nimemuua. Nikaanza kuomba kwa sauti kama mtoto.

Akatokea kwenye vumbi, mweupe kuanzia kilemba, akaja mpaka dirishani kwangu. Nikafunika uso kwa viganja. Akavibandua.

"Uniangalie! Uniangalie, nasema! Unapenda kuniua juu ya heshima?"

Nikamtazama. Alikuwa na macho yaleyale ya mke wangu. Nyuma yetu kadirisha ka karavani kakafunguka, mke wangu akachungulia, akauliza, "Tulishafika?"

Watu walianguka chini kwa kucheka. Mimi sikucheka. Ukuta mmoja wa jiko ulikuwa umelala, chuma cha kuvutia karavani kimevunjika, na karavani imeziba lango, pikapu ya kazi ikiwa ndani. Wanaume wakaja, wakaifungua karavani kutoka kwenye gari, wakaisukuma kwa mabega mpaka pembeni mwa lupango. Bukwe akatoa hukumu, safari hii kwangu moja kwa moja: "Motokari itoke. Nyumba itabakia. Bibi yako na mutoto beko mu nyumba yabo." Habari zangu mimi hakuzitaja.

Nikarudisha pikapu, nikaenda kwa kaka yangu, nikakaa kitandani. Mwanaume kukaa kwenye lupango la bukwe! Kiwandani wangeniuliza nani aliyetoa mahari. Kaka akaniuliza mke yuko wapi. "Yuko kwetu," nikajibu, na mwenyewe nikalisikia neno hilo. Nikakunja godoro, nikalitia kichwani. Hakuna taxi-bus iliyokubali kulibeba, kwa hiyo nilitembea Shituru mpaka Kikula mchana kweupe, na kila niliyefahamiana naye akanipita kwa baiskeli akipiga kengele.

Bukwe alikuwa anapika nje juu ya mbabula, kale ka jiko ka makaa, kwa kuwa mvulana wake mpya, ndiye mimi, alimvunjia jiko. Sikuingia majanini. Nilisimama mbele yake, nikamtazama. Naye akanitazama, mimi na godoro langu.

"Ulikawia," alisema. "Bibi yako anakatala kula bila weye."

Nililishusha godoro kutoka kichwani mpaka usoni, nikalia humo ndani, na bukwe akanishika mkono akaniongoza polepole mpaka mlangoni.