Spika Mbili Mezani kwa Bi Kalondu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu mlangoni. Si msikitini, si nyumbani kwa mtu. Kilikuwa chumba cha kompyuta cha ushirika wa wakulima wa matunda, hapa Machakos mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Meneja aliyeniajiri aliamini kwamba vumbi ndilo adui mkubwa wa mashine, na sikumlaumu, maana vumbi letu jekundu huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu. Mbili zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, kama makochi ya sebuleni. Mbele ya ile ya tatu alikaa mama mmoja, mgongo wima, visikizi masikioni, akipiga taipu bila kuangalia popote.

"Huyo ni Bi Kalondu," Meneja akaniambia. "Yeye haoni. Usiwahi kusogeza kiti chake."

Hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa siku hiyo.

Mimi ni Mutiso. Nimekuwa fundi wa kompyuta tangu mashine hizo zikiwa nzito kama magunia hadi siku zilipoanza kubebwa kwapani. Vijana hunijia nyumbani wakiniuliza wanunue hii au ile, na nikiwajibu huguna, wakidhani mzee amepitwa na wakati. Wagune tu. Nina maoni makali kuhusu programu na namna ya kupanga mashine mezani, na sikuyaokota barabarani. Karibu yote niliyapata nikiwa nimesimama nyuma ya kiti cha Bi Kalondu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Meneja alisema barua zake kwenye kaseti. Bi Kalondu aliisikiliza kwa visikizi, na chini ya meza alikuwa na kikanyagio cha kuisimamisha na kuirudisha nyuma kwa mguu. Vidole vyake viliandika alichosikia. Alisomea taipu katika shule ya wasioona, na kwenye mashine ya taipu alikuwa na kengele ya kumwambia mstari umefika mwisho. Kompyuta haikuwa na kengele hiyo, lakini ilikuwa na kelele nyingine, naye alizijua zote. Akihifadhi barua, diski ilikoroma ndani ya tundu lake, krrr, krrr, naye akasema, "Imekula." Printa ya sindano ilipoanza kulia, alijua ukurasa ni wa ngapi kwa kuhesabu vituo vyake. Kwenye kitufe cha kuhifadhi alidondosha tone la nta ya mshumaa ili kidole kikione.

Programu yetu ya kuandikia ilikuwa skrini ya bluu tupu na maandishi meupe. Haikuwa na picha wala kipanya, na wala haikukurukia na ushauri usiouomba. Kila kitufe kilikuwa na kazi yake, na kazi ya jana ndiyo ya leo na ya kesho. Nawaambieni ukweli: sijaona programu ya kuandikia iliyokuja baadaye ikaishinda ile. Nilichoongeza mimi ni kitu kidogo tu. Niliandika faili la amri, yaani maagizo ambayo mashine hujisomea yenyewe inapowashwa, likaifungua programu moja kwa moja kisha likalia pii moja. Akisikia pii, anajua meza iko tayari.

"Mutiso," akaniambia siku hiyo, "sasa hii mashine iko na adabu. Inabisha hodi."

Kitu kimoja tu hakuweza. Hakuweza kusoma alichoandika. Kila barua yake ilisomwa na mtu mwingine kabla ya kupelekwa kwa Meneja, mara nyingi mimi, na palipokuwa na kosa nililisahihisha mwenyewe huku yeye amekaa kando, mikono mapajani. Aliichukia sana saa hiyo. Hakuwahi kusema, lakini alikuwa akikunja kunja ncha ya leso yake mpaka nimalize.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kivaa, kwenye ghala ya kukusanyia matunda, nikatunze kompyuta moja iliyotegemea jenereta yenye hasira. Nikiwa huko, ofisi kuu ilibadilisha mashine. Zilikuja mpya zenye madirisha, picha ndogo ndogo na kipanya, na diski zake zilifanya kazi kimya kabisa. Mimi nilizijua habari hizo kwa barua. Ilikuwa barua ya kuwaita wanachama mkutanoni, nami nilipewa niibandike ukutani. Nikaanza kuisoma. Ilieleza ajenda vizuri, ikafika "wanachama wote wanaombwa wafike na", ikaishia hapo. Chini, sahihi ya Meneja na muhuri.

Wakulima waliisoma ukutani, wengine wakacheka mpaka machozi. "Tufike na nini? Na viti? Na mbuzi?" Mimi sikucheka. Nilijua ni nani aliyeipiga.

Sikukaa sana kabla ya kuitwa Machakos. Meneja alikuwa ofisini kwake, uso umekunjamana.

"Umeona ile barua?"

"Nimeiona, bwana Meneja."

"Nimechekwa mbele ya kamati. Tangu uende Kivaa hakuna anayezisoma kwanza, nami nilitia sahihi haraka, hiyo ni juu yangu. Lakini huyu mama hawezi hizi mashine, Mutiso. Nimeshaongea na Mwenyekiti. Atastaafishwa kwa sababu za kiafya."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia jana. Unajua alinijibu nini?" Akatazama dirishani. "Alisema, 'Mimi si mgonjwa. Mimi ni kipofu, na nilikuja hivyo.'"

Kisha akasema atanipa mpaka mwisho wa mwezi. Akiweza mashine mpya, abaki. Asipoweza, hataki kusikia neno tena.

Nilimkuta Bi Kalondu mezani pake, mashine imezimwa. Kitambaa chake cha kufuma kilikuwa kimekunjwa juu ya mapaja. Alikuwa mjane, na binti yake alikuwa bado shuleni. Hiyo taipu ndiyo iliyokuwa mkono wake na mguu wake.

"Wacha, mwaitu," nikamsalimu kwa Kikamba, kama mtu anavyomsalimu mama yake.

"Aa. Mutiso, umerudi." Akagusa kibodi. "Hii kitu imekufa. Nabonyeza, haisemi. Naandika, sijui kama imekula ama imetapika. Siku ya ile barua niliandika mpaka mwisho, naapa. Mpaka mwisho kabisa."

Niliiwasha nikaona mara moja kilichotokea. Mashine hizi zilikuwa na tabia ya kufungua kisanduku katikati ya kazi na kuuliza swali, halafu kusubiri jibu. Mwenye macho hukiona, akakifunga. Yeye aliendelea kuandika, na kila alichoandika kilidondoka hewani, mpaka kitufe kimojawapo kikakifunga kisanduku bila yeye kujua. Hapo nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Ni nani aliyekaa mahali akaamua kwamba mashine ikisimama ghafla haifai kutoa hata mguno?

Kumbe ilikuwa na uwezo wa kuguna. Katika mipangilio yake kulikuwa na mahali pa kuchagua sauti kwa kila jambo: kisanduku kikifunguka, kosa likitokea, programu ikifungwa. Lakini spika hazikuwepo. Meneja alikuwa ameamuru zing'olewe zote siku mashine zilipofika, kwa sababu makarani walianza papo hapo kucheza muziki. "Hii ni ofisi, si disko," alisema. Kwa amri hiyo moja alimzima Bi Kalondu, na hakuwa na habari.

Nilienda kwa Abdi, mfanyabiashara Msomali aliyekuwa na duka la redio karibu na soko. Nikamweleza shida.

"Yule mama anayenunua betri hapa? Anayezijaribu kwa ulimi?" akauliza. "Wallahi, chukua hizi. Zikifanya kazi, utarudi kulipa. Zisipofanya, rudisha."

Nikaweka spika hizo mezani, moja kushoto, moja kulia. Kisha nikang'oa kipanya nikakitia ndani ya droo, maana kiwiko kikikigusa, mshale wa kuandikia huruka mahali pengine. Nikazima kikaragosi kilichokuwa kikirukaruka pembeni mwa skrini kutoa ushauri. Nikazima pia usahihishaji wa kujiendea, ule uliokuwa ukibadilisha majina ya watu wetu kuwa maneno ya Kizungu. Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ninayowapa vijana mpaka leo: mashine ikitoka dukani, kazi ya kwanza ni kuizuia isifanye usichoiambia.

Sauti tulizichagua pamoja. Kisanduku kikifunguka, ilikuwa kama mtu anagonga mlango. Kosa, kama kikombe kinaanguka. Barua ikihifadhiwa, nilimwandalia mlio mfupi mzito, ule uliokaribiana zaidi na koromo la diski ya zamani. Aliposikia huo aliinamisha kichwa.

"Imekula," akasema polepole.

Siku zilizofuata tulifanya mazoezi mpaka vidole vikamuuma. Kila kinachofanywa kwa kipanya kina njia yake ya vitufe. Watu wengi hawajui kwa sababu hawajawahi kulazimika. Alilia mara moja tu, alipopotea ndani ya menyu akashindwa kutoka. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi mkononi.

"Wacha. Nitatoka mwenyewe."

Akatoka.

Mwisho wa mwezi Meneja alikuja na kaseti mkononi, akasimama mlangoni. Alivua viatu, jambo ambalo watu walikuwa wameshaliacha. Bi Kalondu alivaa visikizi, sikio moja nje, akaanza. Aliandika barua yote, akahifadhi, spika zikatoa mlio wao mzito. Akaagiza ichapwe. Mara, ko ko ko. Kisanduku. Mimi niliona kilichoandikwa: printa haikuwa na karatasi, na hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Meneja akanitazama. Nilijizuia kufungua mdomo.

Bi Kalondu alisimamisha mikono. Alisikiliza. Printa ilikuwa kimya. Akainuka, akapapasa meza mpaka kwenye printa, akaingiza mkono kwenye tundu la karatasi akakuta tupu. Alichukua karatasi rafuni, akazigongagonga mezani zikae sawa, akazitia, akarudi kwenye kiti chake na kubonyeza kitufe kimoja. Printa ikaanza kuvuta.

Meneja alisoma ile barua mara mbili. "Spika zibaki," akasema. "Lakini sauti iwe chini kidogo, Mama." Alipotoka nilimsikia korido nzima akipenga kamasi.

Alifanya kazi hiyo miaka mingi, na barua zake hazikukatika tena. Meneja huyo akastaafu, akaja mwingine, kisha wakaja wanaoitwa wakurugenzi. Katika miaka ya elfu mbili, ushirika uliajiri kampuni ya Nairobi ituunganishie mashine zote kwa mtandao. Vijana wake walikuwa werevu na wenye heshima. Walifanya kila mashine ifanane na nyingine: mipangilio ile ile, nywila, na sauti zimefungwa kutoka mbali. Nilipinga. Nilienda kwa Mkurugenzi.

"Mzee Mutiso, nakuelewa," akasema, na nadhani alinielewa kweli. "Lakini sasa kila mkuu wa idara anajiandikia barua zake mwenyewe. Hata nikirudisha hizo sauti, atapiga barua za nani?"

Swali hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mara ya kwanza nilipigana na mashine, na mashine hupangika. Mara ya pili kazi yenyewe ilikuwa imeondoka.

Walimfanyia sherehe ya chai na maandazi. Zawadi yake ilikuwa picha ya wafanyakazi wote, kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Alikipapasa kioo chake.

"Mutiso, hii ni nini?"

"Ni picha, mwaitu."

"Ya nani?"

"Yetu sote."

Alicheka kidogo. "Haya. Nitakuwa naomba watu wanisomee."

Nilimsindikiza mpaka nyumbani kwake Mumbuni nikiwa nimeibeba ile picha kwapani.

Nami nilistaafu miaka michache baadaye. Wenzangu walinichangia kompyuta ya kubeba, nyembamba, haina hata mlio wa feni. Nilikaa nayo nyumbani nikiitazama. Kisha nikaitilia programu ya bure inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini, nikadondosha tone la nta kwenye kitufe cha kuhifadhi, nikaenda Mumbuni.

Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Niliiweka mbele yake, akaipapasa pembe zote.

"Imekufa hii?"

"Iko hai. Andika."

Vidole vilikaa mahali pake kama vile vilitoka jana. Aliandika mwanzo wa barua, ile aliyoipiga maisha yake yote. Nikamwonyesha kitufe cha kumsomea. Sauti ya mashine ilikuwa kavu, Kiswahili chake cha ajabu, lakini ilisoma: "Kwa kwa wanachama wote wa ushirika."

Akabonyeza tena. "Kwa kwa wanachama wote."

"Kuna kosa hapo," akasema.

Mkono wangu ulishanyooka, mazoea ya miaka.

"Usiguse!"

Nikaurudisha. Alirudi nyuma herufi kwa herufi, mashine ikizitaja moja moja, akalifikia lile "kwa" lililozidi, akalifuta. Akaisikiliza tena, na safari hii ilisoma sawasawa. Kidole chake kikatafuta tone la nta, kikabonyeza.

"Imekula," akasema, machozi yakimshuka, kisha akanishukuru kwa Kikamba. "Ni muvea, Mutiso. Sasa nyamaza, niendelee."