Mama Vifuniko na taa iliyogoma kuzima

Saa mbili kasoro asubuhi, mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu analizunguka gari-nyumba jeupe kwa mara ya nne. Anaminya tairi ambalo amekwisha kulipima. Anafungua mlango, anaufunga, anaufungua tena. Begi lake liko ndani, juu ya kitanda, tangu jana.

"Leo mimi si mfanyakazi, ni abiria," anamwambia mwandishi, kisha anajicheka. "Abiria anayeendesha."

Anawasha. Kwenye dashibodi inatokea taa ya manjano na maandishi chini yake: baada ya kilomita themanini, gari likizimwa halitawaka tena. Kicheko kinakatika hapo hapo.

Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na minne ameyaandaa magari-nyumba tisa ya yadi hii ya kukodisha. Kila gari ni makazi kamili juu ya magurudumu: kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo kidogo nyuma. Gari likirudi safarini, yeye huliosha, hubadili mashuka, hujaza kila kinachojazwa na kulikabidhi kwa mteja mwingine.

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki hapa. Wote humwita Mama Vifuniko, kwa sababu ya somo analowapa wateja, watake wasitake. Ubavuni mwa kila gari kuna vifuniko vitatu vilivyokaa pamoja. Cheusi ni cha dizeli. Cheupe ni cha maji ya kunywa na kuoga. Cha buluu ni cha dawa ya moshi, maji maji ya yurea yanayopunguza sumu ya moshi wa dizeli kabla haujatoka nje.

"Dawa ikiingia kwenye dizeli, umeua injini," huwaambia. "Ikiingia kwenye maji, utakunywa chai ya yurea. Na maji yakiingia kwenye dawa, gari litakususia."

Wateja huitikia "tumeelewa" kabla hajamaliza. "Hao ndio ninaowarudia somo," anasema.

Safari ya leo ni ya kumfuata mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, anayeishi peke yake kilomita mia nne kutoka hapa. Mwezi uliopita bibi huyo alianguka uani na kukaa chini hadi jirani aliporudi kutoka kazini. Binti amekwisha kuandaa chumba cha pili nyumbani kwake, amekipaka rangi, ameweka kitanda kifupi karibu na mlango wa choo. Mama hajawahi kukiona.

Hajasafiri kwa miaka sita. Miguu anayo, na macho si mabaya. Tatizo ni kibofu. Basi la abiria huchukua saa saba njiani na kusimama mara mbili tu, naye huhitaji choo kila nusu saa.

"Mara ya mwisho alimwomba dereva asimame, abiria wakaguna gari zima," anasimulia Mama Vifuniko. "Aliposhuka akaniambia, mwanangu, mimi na basi tumeachana."

Anaifuta mikono ambayo haina uchafu.

"Miaka kumi na minne nasugua vyoo vinavyotembea, na mama yangu hasafiri kwa kukosa choo. Siku wazo hili liliponijia, niliona aibu kwamba limechelewa hivyo."

Meneja alikubali kumwachia gari kwa siku nne, katikati ya wateja wawili. Lazima liwe hapa Ijumaa. Baada ya hapo magari yote yamekwisha kukodishwa kwa miezi mitano mfululizo.

"Miezi mitano kwa mtu wa umri wake ni mbali sana," anasema. "Sitaki hata kuifikiria."

Basi anashuka na kufungua kifuniko cha buluu. Tanki limejaa hadi mdomoni, na jana alilitia dumu moja tu, ambalo halilijazi. Anachovya kidole, anapaka tone kwenye bampa nyeusi, anasubiri jua. Dawa ya moshi ikikauka huacha unga mweupe kama chumvi. Tone hili linakauka bila kuacha chochote.

"Maji," anasema kwa sauti ndogo.

Meneja ametoka ofisini na kikombe mkononi. Anaiona taa, analiona tundu, anaguna.

"Ni wale wazee waliolirudisha jana," anasema. "Walimu wastaafu, lakini kusikiliza hawawezi. Wametia mpira wa maji kwenye tundu la dawa. Nawapigia sasa hivi."

Mama Vifuniko anaingia garini na kutazama kipimo cha maji ya kunywa, juu ya sinki. Kinaonyesha nusu. Jana alasiri yeye mwenyewe alilijaza tanki hilo, au alidhani amelijaza. Nje, simu ya meneja imeanza kuita.

Ilikuwa rahisi kuiacha iite. Wazee wangekana, meneja angefoka, na mambo yangeishia hapo. Mwandishi, ambaye hakuwa na chochote cha kupoteza, alijikuta naye amebana pumzi.

Anatoka mbio.

"Bosi, kata hiyo simu. Ni mimi."

"Wewe?" Meneja anaishusha simu. "Wewe wa vifuniko?"

"Mimi wa vifuniko."

Anaeleza bila kuremba. Alikuwa ametoka kutia dawa, kifuniko cha buluu kikiwa bado wazi. Mkono mmoja ulishika mpira wa maji, mwingine simu. Kwenye simu alikuwepo mama yake.

"Nilikuwa namweleza jinsi choo kinavyobonyezwa. Maji yakafurika upesi, nikasema loo, limejaa, nikafunga. Sikutazama hata rangi."

Chini ya gari la pembeni, fundi mmoja anaangua kicheko. Meneja hacheki. Anatazama saa yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa.

"Ikifika saa sita taa iwe imezima," anasema. "La sivyo gari linakwenda karakana, na safari hakuna."

Hapo ndipo mtu anaona miaka kumi na minne inavyofanya kazi. Analaza karatasi ngumu chini, anazamisha mrija wa pampu ya mkono, anavuta hadi pampu inakoroma kwa ukavu. Anasuuza tanki kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na madini, mara mbili. "Ya bomba nimeshayatia ya kutosha," anasema. Anavunja lakiri ya dumu jipya na kuchomeka faneli ambayo haijawahi kugusa kitu kingine. Hakuna tone linalomwagika.

"Kunywa, baba," analiambia tanki. "Taratibu. Usinitapikie."

Anaacha nafasi kidogo juu, anafuta mdomo wa tundu, anafunga. Anawasha. Taa bado ipo.

"Kompyuta ya gari ina kinyongo," anasema. "Mpaka uibembeleze barabarani ndipo isahau."

Saa nne na nusu yeye na mwandishi wanatoka getini. Hathubutu kwenda mbali, kwa hiyo anazunguka mitaa ya viwanda inayoizingira yadi. Kilomita sabini zimebaki. Sitini na mbili. Anazima redio, anaiwasha, anaizima. Kila wanapokaribia yadi, mlinzi anakimbia kufungua geti, na kila mara wanampita.

"Huyu leo atanichukia," anasema Mama Vifuniko, jicho likiwa kwenye taa.

Arobaini. Ishirini na tisa. Mzunguko wa tano. Saa sita kasoro dakika kumi, zikiwa zimebaki kilomita kumi na moja, taa inazima kimya kimya. Haongezi mwendo wala hapigi kelele. Anasogea kando ya barabara, analaza kichwa kwenye usukani na kulia kidogo.

Getini inabidi apige honi. Mlinzi amekata tamaa, amekaa.

Mbele ya meneja anazima injini. Anahesabu hadi tatu kwa sauti, anawasha. Inaitika mara moja, bila taa.

"Ijumaa, saa nne," anasema meneja. Kisha: "Na kuanzia leo, ukishika mpira wa maji simu inakaa mezani kwangu."

"Nimeelewa," anajibu Mama Vifuniko.

"Hao wanaosema hivyo ndio wa kurudiwa somo," anasema meneja, na sasa yadi nzima inacheka, naye pia.

Kabla ya kuondoka anampigia mama yake na kuweka simu kwa sauti kubwa, mikono yote miwili ikiwa huru.

"Shikamoo mama. Ndiyo natoka. Nimechelewa kidogo, nitafika jioni."

"Marahaba. Hicho choo," inasema sauti ya upande wa pili, "mlango wake unafungwa kwa ndani?"

"Una komeo, mama. Zuri kabisa."



"Basi njoo. Nimevaa viatu tangu alfajiri."