Mistari Iliyonyooka Hadi Baharini

Niliondoka Eldoret, mji tuliouita Sisibo, kwa sababu ya sifa. Miaka ile ya masetla, uwanda wetu wa Uasin Gishu ulilimwa kwa plau ya ng'ombe, na kutoka Soy hadi Kesses hakuna aliyenyoosha mstari kunishinda. Bwana wangu alikuwa na ndugu mwenye shamba la mahindi pwani, kwenye mteremko juu ya mkono wa bahari. Mwaka mmoja alinituma huko, nikalima, nikarudi kichwa kimevimba. Mwaka uliofuata nikaitwa tena.

Asubuhi ya safari nilipanda gari moshi, daraja la tatu, na mfuko wa wimbi magotini. Wimbi lilikuwa zawadi ya kumpelekea Bi Saumu, mjane aliyenipa chumba mara ya kwanza. Yeye na wenzake waliingia majini bahari ikitoka, wakatanda, yaani wakavua samaki kwa shuka, katika nyasi za baharini. Alinilisha tafi, samaki anayekula nyasi hizo, mpaka nikasahau nyama ya kwetu.

Nakuru, kisha Nairobi, niliwasimulia abiria jinsi nilivyolima kilima kile kutoka juu mpaka chini bila kupinda. Sikuwaambia kwamba Bi Saumu aliniomba niache ukanda wa majani na vichaka ufuoni, uzuie udongo. Nilimjibu kwa kicheko, "Mama, sisi watu wa Sisibo hatuachi kona!"

Siku ya tatu, Mombasa, nilipata lori, na alasiri nikafika kwake.

"Karibu, mwanangu," alisema, akapokea wimbi kwa mikono miwili. Akaniandalia ugali na mchicha.

"Samaki leo hakuna, Mama?"

"Wamehama. Wangekula nini?"

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Bahari ilipotoka tulishuka pamoja, nikakanyaga mahali palipokuwa na nyasi, nikazama katika tope hadi nusu ya muundi. Lilikuwa jekundu, udongo wa shamba lile lile. Bi Saumu akapapasa chini, akatoa bua la hindi lililooza.

"Hili langu au lako?" aliuliza.

Nilitazama juu. Mistari yangu ya mwaka jana ilikuwa imegeuka makorongo, yote yamenyooka kuelekea majini. Mvua haikuhangaika kutafuta njia, nilikuwa nimeichimbia. Niliona haya hata kumtazama usoni.

"Nyasi zitarudi, Mama?"

"Tope likikoma huenda zikarudi. Mimi sijui kama nitaziona."

Kesho yake nilimsihi Bwana wa shamba tuache ukanda ule wa chini upate kuota tena. Akanionyesha plau. Basi nililima kwa kukatiza kilima, ubavu hadi ubavu, na kule ufuoni sikugusa. Siku ya pili akaja, uso mwekundu.

"Wewe nalewa? Mistari yote napinda!"

"Sijalewa, Bwana. Hapa mstari wa moja kwa moja unaharibu."

Aliomba kipande changu, kile cheti cha kazi tulichovaa shingoni, akaandika humo kwamba sijui kulima, akanifukuza. Ukanda ule sijui kama aliuacha. Bi Saumu alinifungia muhogo wa njiani, nami nikashindwa kumwomba radhi. Nilisema asante tu.

Niliporudi Eldoret karani alisoma kipande kwa sauti mbele ya vibarua, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Bingwa wa Sisibo amepotezea plau baharini!" Tangu siku hiyo nilipewa jembe la mkono.

Nilijifunza kwamba kazi nzuri haiishii mpakani mwa shamba. Nilinyamaza wakanicheka, kwa kuwa ningejitetea ningelazimika kueleza na kosa la mwaka wa kwanza. Kipande kiliandikwa kosa nisilokuwa nalo. Lile langu la kweli halikuandikwa popote, na aliyelilipia ni Bi Saumu. Ndiyo maana nimeliandika hapa.